Dubwana Lililoshindwa na Ngazi

Mwaka 1981 jarida la vichekesho la Uingereza lililoitwa Punch lilichapisha katuni ya Madalek waliokwama chini ya ngazi. Madalek ni madubwana ya chuma ambayo tangu Desemba 1963 yalikuwa yakiwakimbiza watoto wa Kiingereza nyuma ya viti kila yalipotokea katika Doctor Who, mchezo wa televisheni wa BBC kuhusu msafiri wa nyakati na sayari aitwaye Doctor. Yalikuwa yameapa kuutiisha ulimwengu wote, nyota kwa nyota. Lakini yalitembea juu ya magurudumu, na mchoraji hakuhitaji ila kuyawekea vipandio mbele. Utani huo ukakaa. Hata mtu ambaye hajawahi kuutazama mchezo alijua jambo moja kuwahusu Madalek, kwamba ukipanda ngazi umepona. Kisha mwaka 1988, katika kisa cha Remembrance of the Daleks, Dalek mmoja alifika penye ngazi ya chumba cha chini, akainuka hewani polepole, akapanda akimfuata Doctor juu. Watengenezaji walikuwa wamekisikia kicheko kwa miaka mingi, na siku hiyo wakakijibu. Kwa mazoea tunamwona mchekeshaji anayeiga kazi ya mwenzake kuwa kupe, anayenenepa kwa damu ambayo si yake. Mimi nadai vingine. Dhihaka inayotoka kwa mtu aliye ndani ya sanaa ndiyo mazoezi ya sanaa hiyo. Humo sanaa inajaribu, kwa gharama ndogo na bila kuona haya, mambo ambayo bado haijathubutu kuyafanya kwa uso mkavu. Na sanaa ambayo haijapata wa kuidhihaki, nina shaka kama imeshapata wa kuirithi.

Ili hoja isimame, kwanza tuone umaskini uliokuwa ukichekwa. Doctor Who ilianza kurekodiwa katika Studio D ya Lime Grove, London, chumba kidogo chenye joto ambacho hakuna aliyekigombania. Chombo cha kusafiria nyakati kilikuwa na umbo la kibanda cha polisi cha buluu, kile cha kupigia simu mtaani, na ndani ya hadithi ilielezwa kwamba mtambo wake wa kubadili sura umeharibika. Sababu halisi ni kwamba kutengeneza umbo jipya kwa kila kisa kungemaliza fedha. Mlio wa chombo hicho kikiondoka ulitokana na ufunguo wa nyumba ambao Brian Hodgson aliuburuta juu ya nyuzi nene za piano kuukuu. Muziki wa ufunguzi uliandikwa na Ron Grainer, lakini aliyeupa sauti ile ya ajabu ni Delia Derbyshire, kwa kukata na kuunganisha vipande vya utepe kimoja kimoja, kabla sinthesaiza haijawa kitu cha kununuliwa dukani. Dalek mwenyewe aliyetungwa na Terry Nation alichorwa na Raymond Cusick, na mkono wake mmoja uliishia kwenye kikombe cha mpira kama kile cha kuzibulia sinki. Yeyote aliyekua na televisheni ya Kenya ataelewa hali hiyo bila kufafanuliwa. Vioja Mahakamani ilikuwa chumba kimoja cha mahakama. Vitimbi ya Mzee Ojwang na Mama Kayai iliweza kuishi ndani ya sebule moja. Katika vituo vya biashara vya upande huu wa chai, Kericho na Bomet, kama Ndanai, Sotik na Litein, michezo hiyo ilitazamwa kwenye televisheni ya Greatwall nyeusi na nyeupe ya inchi 14 inayokula betri ya gari, betri ambayo ilibebwa sokoni kuchajiwa na kurudishwa kabla ya jioni ya kipindi. Umaskini wa upande wa watengenezaji ulikutana na umaskini wa upande wa watazamaji, na hakuna aliyelalamika kwamba sebule ile ile imerudi.

Sasa, wachekeshaji wa Kiingereza walichofanya si kuunyooshea kidole umaskini huo na kucheka. Kingekuwa kichekesho cha dakika moja. Tazama kipindi cha saba cha Monty Python's Flying Circus, kilichorushwa na BBC hiyo hiyo mwaka 1969. Karibu kipindi kizima ni hadithi ya viumbe kutoka sayari ya Skyron, wenye umbo la blamanji, yaani pudini laini ya maziwa inayotikisika sahanini, isipokuwa wao wana ukubwa wa mtu. Viumbe hao wanawageuza Waingereza kuwa Waskoti kwa sababu, kwa mujibu wa hadithi, Waskoti hawajui tenisi, na pudini hizi zimekusudia kutwaa ubingwa wa Wimbledon. Upuuzi mtupu. Lakini sikiliza jinsi unavyosimuliwa. Sauti nzito ya msimulizi, mwanasayansi anayefikiri kwa kukunja uso, msichana anayeuliza maswali ili mwanasayansi apate kueleza, askari wasioamini: kila kiungo cha hadithi ya sayansi ya bei nafuu kimo mahali pake. Pudini haichekeshi kwa sababu ni duni. Inachekesha kwa sababu watu wazima wanaizungumzia kwa uzito ule ule ambao wiki nyingine, katika studio nyingine ya shirika hilo hilo, wenzao walikuwa wakimzungumzia Dalek. Kinacholengwa ni uso mkavu. Na ili kuulenga barabara ni lazima uujue, uwe umekaa mbele yake Jumamosi baada ya Jumamosi ukiamini. Mtu ambaye hajawahi kuogopa Dalek hawezi kumwiga akachekesha; atapata tu kumkashifu.

Hapa ndipo ushahidi unapokuwa mtamu. Mwaka 1985, katika The Lenny Henry Show, mchekeshaji Lenny Henry, mtoto wa wazazi waliotoka Jamaika, alijivika joho la Doctor na kupambana na viumbe wa chuma waliokuwa na kiongozi aliyefanana mno na waziri mkuu wa siku hizo, Margaret Thatcher. Doctor mweusi, mwaka 1985, aliwezekana ndani ya utani tu. Hakuna aliyekuwa akimfikiria kwa mchezo wenyewe. Mwaka 1999, wakati Doctor Who ilikuwa imefungwa kwa karibu miaka kumi, hafla ya televisheni ya kuchangisha fedha, Comic Relief, ilirusha The Curse of Fatal Death. Rowan Atkinson, yule tunayemjua huku kama Mr. Bean, alikuwa Doctor. Akafa na, kama ilivyo desturi ya Doctor, akageuka mtu mwingine, kisha mwingine, hadi mwisho akawa mwanamke, Joanna Lumley. Watu walicheka. Mwaka huo huo, katika usiku maalumu ambao BBC iliutoa kwa mchezo huo uliokwisha kufa, Mark Gatiss na David Walliams waliigiza mzaha kuhusu jamaa anayejaribu kuwauzia wakubwa wa BBC wazo la mchezo huo mwaka 1963. Sasa fuata majina. Mwandishi wa The Curse of Fatal Death ni Steven Moffat; mchezo ulipofufuliwa mwaka 2005 alikuwa miongoni mwa waandishi wake, na kuanzia 2010 akawa msimamizi wake mkuu. Gatiss aliandika visa kadhaa, na mwaka 2013 akaandika filamu nzima, safari hii bila mzaha, kuhusu jinsi mchezo ulivyozaliwa. Lenny Henry aliingia mwaka 2020, akiwa adui wa Doctor. Doctor mwanamke, Jodie Whittaker, alitangazwa mwaka 2017. Na mwisho wa 2023 nafasi hiyo ilishikwa na Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Kigali mwaka 1992 na kulelewa Uskoti. Sijui kama wazee wa Monty Python waliona jinsi ulimwengu ulivyowajibu: badala ya pudini kumgeuza Mwingereza kuwa Mskoti, ni Mskoti wa Kinyarwanda aliyekabidhiwa ufunguo wa kibanda cha buluu.

Msomaji makini atanisimamisha. Jambo kufuatana na jambo si ushahidi kwamba la kwanza limezaa la pili. Moffat angeweza kupanda cheo bila mzaha wake, na Doctor mwanamke angeletwa na mabadiliko ya jamii, si na utani wa hafla ya michango. Nakubali kiasi. Jamii ilibadilika, na bila mabadiliko hayo utani wa 1999 ungebaki utani. Tena zipo dhihaka nyingi za aina hii ambazo hazikuzaa lolote. Mwaka 1980 The Two Ronnies walitumia msururu mzima wa vipande kuchora Uingereza ya kesho inayotawaliwa kimabavu na wanawake wenye sare, na leo vinatazamwa kwa aibu kuliko kwa faida. Lakini sidai kwamba kila dhihaka huzaa. Nadai kwamba swali la "je, ingekuwaje kama" linahitaji mahali pa kuulizwa kwanza, mahali ambapo likishindwa hakuna atakayefutwa kazi. Mchezo wenyewe haukuweza kuuliza kama Doctor anaweza kuwa mweusi au mwanamke, kwa sababu mchezo una bajeti, una wakubwa, una watazamaji wa kuudhi. Mzaha hauna cha kupoteza. Na mara baada ya watu milioni kadhaa kumwona Joanna Lumley akisimama pale, picha hiyo ilikuwa tayari imo akilini mwao, hata kama iliingia kwa mlango wa kicheko. Kuhusu Moffat, tuseme tu kwamba hakuna anayeweza kuutania mchezo kwa usahihi ule bila kuonyesha kwamba ameuelewa hadi misumari yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na kwetu lina uchungu. Je, kucheka vifaa duni si kucheka umaskini, na kucheka umaskini si ukatili? Jibu langu linategemea nani anacheka na anaelekea wapi. Mwaka 1975, katika mfululizo wake wa Q6, Spike Milligan aliigiza Dalek wa Kipakistani anayerudi nyumbani jioni, anawaangamiza waliomo ndani mmoja baada ya mwingine, na kuagiza watiwe kwenye mchuzi. Gamba ni la Dalek yule yule, ulegevu wa vifaa ni ule ule. Lakini kinacholengwa si uso mkavu wa hadithi za sayansi; ni jirani mhamiaji, lafudhi yake na chakula chake. Tukumbuke ni mwaka gani. Miaka mitatu kabla yake Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 kuondoka, na maelfu yao waliteremka katika viwanja vya ndege vya Uingereza na kupelekwa kambini kwanza. Mtaani Leicester hakuna aliyejisumbua kuuliza kama aliyetukanwa "Mpakistani" alitoka Karachi au alizaliwa Kampala na kuzungumza Kiswahili kuliko Kiurdu. Kipande hicho kinatupa mpaka tunaouhitaji. Dhihaka inayoelekea ndani, kwa kitu ambacho mdhihaki naye ni sehemu yake, hukijenga. Inayoelekea nje na chini hutumia vazi la mchezo kufanya kazi nyingine kabisa.

Kuna jambo lingine katika hafla ile ya Comic Relief ambalo halisemwi vya kutosha. Shirika linaloiandaa lilizinduliwa siku ya Krismasi 1985 kwa matangazo kutoka kambi ya wakimbizi nchini Sudan, wakati wa njaa kuu ya Ethiopia, na sehemu kubwa ya fedha zake imekuwa ikielekezwa Afrika. Kwa hiyo usiku ule wa 1999, Waingereza walikuwa wakicheka umaskini wa kadibodi wa televisheni yao wenyewe, na katikati ya vicheko kamera iligeuzwa, muziki ukashuka, na umaskini wetu ukaonyeshwa kwa machozi. Mwaka 2011 Lenny Henry mwenyewe alikuja Kibera, Nairobi, pamoja na watu mashuhuri wenzake kuishi mtaani kwa siku chache mbele ya kamera. Sina haja ya kudharau fedha hizo. Zimejenga na kutibu. Lakini angalia mgawanyo wa kazi. Wao walipewa haki ya kucheka upungufu wao. Sisi tulipewa haki ya kusikitikiwa. Mwaka 2019 mbunge David Lammy alipolalamikia picha za mtangazaji mmoja wa Kiingereza akiwa amempakata mtoto nchini Uganda, mjadala ulihusu nani awe mbele ya kamera, na mwaka uliofuata shirika likasema halitawatuma tena watu mashuhuri Afrika kwa kazi hiyo. Vizuri. Ila hakuna aliyeuliza kama watu wa Kibera wana vichekesho vyao juu ya Kibera. Wanavyo, na ni vikali kuliko chochote ambacho BBC ingekubali kukirusha.

Mfano wa jinsi kicheko cha nje kinavyokosea uko kusini kidogo, Zambia. Mwaka 1964, nchi ikielekea kupata uhuru, mwalimu na mpigania uhuru Edward Makuka Nkoloso alitangaza kwamba chuo chake cha sayansi na utafiti wa anga kitawapeleka Wazambia mwezini, na hata Mirihi, kabla ya Wamarekani na Warusi. Wanafunzi wake walibingirishwa mlimani ndani ya pipa la mafuta ili wazoee mtikisiko wa anga. Msafiri mteule alikuwa msichana aitwaye Matha Mwamba, na paka nao walikuwa katika mipango. Aliomba mamilioni ya pauni kutoka UNESCO. Waandishi wa kigeni walikuja, wakapiga picha, wakacheka, wakaondoka, na kwa nusu karne Nkoloso akabaki kichekesho cha Mwafrika asiyejua mipaka yake. Mwandishi wa Zambia Namwali Serpell, aliyemchunguza na kumtia pia katika riwaya yake The Old Drift ya mwaka 2019, anatufanya tumtazame upya: mtu aliyepitia jela za wakoloni, hodari wa maneno, akitangaza mashindano ya anga kwa pipa katika mwaka ule ule ambao madola makubwa yalikuwa yakijigamba kwa roketi, huenda alikuwa akicheza na uso wake mkavu kuliko wote waliomcheka. Waandishi hawakuliwazia hilo kwa sababu hawakudhani Mwafrika anaweza kufanya mzaha kuhusu sayansi. Walidhani anaweza tu kuikosea. Na kwa wanaoamini kwamba anga ni mambo ya wenye fedha tupu, hapa Kenya, baharini mbele ya Ngomeni karibu na Malindi, Waitalia walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco, chuma kilichosimamishwa kwa miguu juu ya maji mfano wa mitambo ya kuchimbia mafuta. Tarehe 12 Desemba 1970 iliondoka hapo setilaiti ya Kimarekani, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ukiliona jukwaa lenyewe pichani, bila maelezo, ungeapa ni mandhari ya Doctor Who.

Basi kwetu mazoezi hayo yanafanyikia wapi? Nadhani yanafanyikia mahali ambapo wasomi wetu hawapaangalii: kwenye kibanda cha video. Katika vituo vya soko vya nchi ya chai, kama kwingine, kibanda kilikuwa mabenchi, televisheni, spika moja kubwa, na ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki filamu za siku. Na filamu iliyojaza mabenchi ni ile iliyopitia kinywani mwa DJ Afro. Yeye huchukua filamu ya kigeni, ya Hong Kong au ya Hollywood, mara nyingi ile ya daraja la tatu, na kuisimulia juu kwa juu kwa Kiswahili cha mtaani: wahusika wanapewa majina na tabia za hapa, majambazi wanakuwa na madeni, zimwi la mpira linapewa sababu za kumkasirikia mtu. Tanzania alikuwako Lufufu, Derek Mukandala, aliyetafsiri filamu kwa sauti hadi zikasikika kama zimetungwa Dar es Salaam. Uganda wako wasimulizi waitwao VJ. Wenye kuhifadhi lugha huwalaumu kwa kuichakachua, wenye haki za filamu huwalaumu kwa wizi, na lawama hii ya pili siwezi kuipuuza, kwani aliyeitengeneza filamu hapati hata ndururu. Lakini kama sanaa, huu ni utani ule ule wa Monty Python uliofanywa na mtu asiye na studio. Waingereza waliijenga upya hadithi duni ili waicheke. DJ Afro hana cha kujengea, kwa hiyo anaingia ndani ya filamu yenyewe na kuigeuza kwa sauti. Anaujua uso mkavu wa filamu hizo kuliko waliozitengeneza, anajua sekunde ngapi kabla ya shujaa kuruka, na anamkejeli shujaa huyo huku mabenchi yakimshangilia. Kucheka na kuamini vinakaa pamoja, hakuna anayelazimika kuchagua.

Uganda mazoezi hayo yameshazaa. Isaac Nabwana wa Wakaliga, mtaa wa Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex mwaka 2010 kwa fedha kidogo mno, kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe, bunduki zilizotengenezwa kwa vyuma chakavu, na helikopta za kuchorwa zinazolipua Kampala. Juu ya filamu akaweka sauti ya VJ Emmie, ambaye anaisifu, anaitania, anawacheka waigizaji, anatangaza mapigano kabla hayajaanza. Mtazamaji wa nje anayekuja na kicheko chake cha dharau anakuta kiti kimekaliwa. Filamu imeshajicheka, tena kwa ufundi kumzidi. Ndiyo maana walioibonyeza mtandaoni kwa dhihaka wakabaki kuwa mashabiki, na mwaka 2016 Bad Black ya Nabwana ikashinda tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest huko Texas. Kenya nayo ina ushahidi wake. Machi 2010 bendi ya Just a Band ilitoa video ya wimbo wa Ha-He, iliyomfufua Makmende, yule mbabe wa mitaa ya zamani, kwa mtindo wa filamu za mapigano za bei nafuu za miaka ya 1970: nywele za afro, miwani, maadui wanaoanguka kwa kuguswa. Nchi nzima ikacheka wiki kadhaa. Wawili kati ya vijana hao walikuwa Jim Chuchu na Mbithi Masya. Chuchu akaongoza Stories of Our Lives mwaka 2014. Masya mwaka 2016 akaongoza Kati Kati, hadithi ya mwanamke anayejikuta kwenye hoteli ya mbugani asijue amefikaje, akaambiwa kwamba amekufa. Hakuna mtambo, hakuna mwanga wa kichawi. Vibanda vya wageni, bwawa la kuogelea, nyika, na watu wanaosema wamekufa kwa uso mkavu. Ikapata tuzo ya wahakiki wa kimataifa Toronto. Aliyejifunza kwa Makmende ni kiasi gani cha uso mkavu ambacho picha ya bei rahisi inaweza kubeba, ndiye aliyejua kwamba Kati Kati haihitaji zaidi.

Mtu atasema tunaweka mkokoteni mbele ya punda. Kwanza tuwe na filamu zetu za sayansi zenye hadhi, ndipo tuzitanie. Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, ilionyeshwa Sundance na kusifiwa, na ilistahili: dakika 20 na ushei za dunia iliyokauka baada ya vita vya maji, msichana na mbegu yake. Lakini katika miaka yote tangu hapo sijaona mchekeshaji wa Kenya akiiiga. Huenda hiyo ni heshima. Mimi nahofia ni umbali. Filamu ilitazamwa kwenye matamasha na katika kumbi za Nairobi, haikufika kibandani, na watu hawatanii ambacho hawajakizoea. Kundi la vichekesho la Redykyulass lilipomwigiza rais Moi mbele ya umma, na The XYZ Show ya mchoraji Gado ilipoleta mwaka 2009 vikaragosi vya mpira vya wanasiasa, kila mtu alijua sura, kikohozi na rungu. Siasa yetu ina wadhihaki wa daraja la kwanza kwa sababu tunaijua hadi jikoni. Hadithi zetu za kesho hazina.

Na upande huu wa chai kesho yenyewe haikungoja filamu. Mashine za kuvuna majani zimeingia katika mashamba makubwa ya Kericho na Bomet, zikafanya kazi ya mikono ya watu wengi, na Mei 2023 waandamanaji wenye hasira wakazichoma moto baadhi yake. Dalek aliogopesha kwa kupiga kelele kwamba atakuangamiza. Mashine ya chai haina kauli, inanguruma tu kama ya kukata nyasi, na jioni mchumaji hana kipande cha kupimiwa. Iko hadithi ya sayansi hapo, na uko uso mkavu wa kuuiga, ule wa mkubwa wa kampuni akieleza ufanisi. Nani ataianza sijui, lakini naweza kukisia atatumia nini: simu, ganda la mashine iliyokufa, lafudhi. Zimwi pia asiliagize kutoka mbali. Mwaka 1909 Hollis, afisa wa kikoloni aliyeandika kuhusu Wanandi, alirekodi habari za Chemosit: nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, kinywa chekundu kinachong'aa usiku kama taa. Wakipsigisi wa nchi hii ya chai, ndugu wa Wanandi, hawakuhitaji kusomewa hilo na Hollis. Kiumbe huyo amewalaza watoto na mapema kwa vizazi, kwa gharama ya sauti ya bibi peke yake, na sidhani kama kuna aliyewahi kuyasikia yale makalio tisa bila kutabasamu huku akiutazama mlango. Kijana wa Ndanai akijaribu kumtengeneza kwa magunia na blanketi, makalio yatalegea, taa ya kinywani itazimika, na kibanda kizima kitacheka. Ila akiweka manane, bibi mmoja mbele atamsimamisha palepale na kudai la tisa.